Abiria wa Mchele

Nchi yetu ina usafiri wa anga wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mchana: huo huchelewa, huahirishwa, na ukilalamika wanakuonyesha mawingu kana kwamba wewe ndiye uliyeyaleta. Wa pili ni wa usiku, nao haujawahi kuchelewa. Kila mtu wa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, atakueleza: wachawi hupanda ganda la karanga, au ungo, au fagio lililochakaa, wanajipakia humo ukoo mzima, wanakwenda Ulaya kula nyama ya mtu na kurudi kabla jogoo hajasafisha koo. Hakuna pasipoti, hakuna kupima mizigo. Ajali ni chache. Mara mojamoja utasikia bibi kizee ameokotwa uchi juu ya bati la watu, eti mafuta yalimwishia njiani, na vijana wanakuja na mawe kumsaidia kutua. Ukiondoa hilo, ndiyo sekta pekee ya uchukuzi inayofanya kazi.

Kwa hiyo Clément Tshilumba, fundi wa mashine za fotokopi, alipojifungia katika chumba cha uani na kuanza kujenga chombo cha kwenda kwenye nyota, chenye urefu wa mkono wa mtu na taa ndani, alikuwa amechagua mahali pabaya. Kwingine wangemwita mwehu, au msanii, ambalo ni neno la adabu la mwehu. Katuba walikuwa na neno tayari.

Alizaliwa hapohapo. Baba yake alitoka Kasai kufuata kazi ya reli, akazaa watoto wengi na kuwagawia vyeo wakiwa bado tumboni: huyu wakili, huyu padri, huyu daktari. Clément ndiye aliyeangukiwa na udaktari. Alichokipenda yeye ni waya wa shaba. Watoto wote wa Lubumbashi hukunja waya wakatengeneza motokari za kusukuma kwa fimbo. Ya Clément ilikuwa na taa za mbele zinazowaka, kwa betri aliyoichomoa kwenye redio ya baba yake katikati ya taarifa ya habari. Alichapwa. Kesho yake motokari ikawa na taa za nyuma. Wenzake walikua wakaacha motokari. Yeye alikua akaacha magurudumu tu.

Udaktari ulimpita kando, akaishia kufungua matumbo ya mashine za fotokopi, jambo ambalo, alivyosema baba yake akikaribia kufa, nalo ni upasuaji, kwa mtu asiye na aibu. Mashine zilizokata roho Clément alizibeba nyumbani. Ndani ya fotokopi iliyokufa mna mji mzima: vigurudumu vya meno, springi, vipande vya plastiki vyenye mbavu na matundu ambavyo hata aliyevitengeneza hakumbuki kazi yake. Hivyo ndivyo alivyovibandika ubavuni mwa chombo, kimoja baada ya kingine, kwa kibano, akizuia pumzi. Maana alikwishaigundua siri ya kazi hiyo: jicho halipimi ukubwa, linahesabu vitu. Ubavu mtupu ni kopo la maziwa. Ubavu uliojaa mabomba, vifuniko na ngazi nyembamba kama unywele ni meli inayoweza kumeza Katuba yote na mapasta wake wote.

Mwili ulikuwa bomba la maji la plastiki. Alilipasha juu ya makaa, akalipasua likiwa laini, akalilaza likawa bapa, kisha akalichora mistari kwa ncha ya kompasi ya shule ili lionekane limeungwa kwa mabati. Pua ilikuwa vichwa vya nyembe za kunyolea. Mitambo ya nyuma, vifuniko vya manukato ya mke wake Simone, ambaye hadi leo hajui manukato yake yalianza lini kukauka kwenye chupa. Juu ya rangi ya kijivu alisugua masizi na unga wa malakiti, lile jiwe letu la kijani, maana, alisema, hakuna kitu kinachotoka Katanga bila kutu ya shaba.

Lakini dini yake ilikuwa taa.

Chombo chake cha kwanza alikitia kitaa cha tochi ndani, akakiwasha, kikang'aa chote kama papai lenye mshumaa tumboni. Mwanga ulikuwa unapenya plastiki. Alihuzunika wiki nzima. Ndipo akajifunza: ndani upake nyeusi, uirudie, mpaka hata jua lisione kitu, kisha juu ya nyeusi upake nyeupe, ili mwanga urukeruke humo na utokee pale tu ulipouruhusu. Na kuruhusu nako ni kazi. Wachimbaji wa mitaro ya simu huacha vipande vya kebo kando ya barabara, na ndani ya kebo mna nyuzi za kioo, laini kama nywele, ambazo ukizimulika upande mmoja zinawaka upande wa pili hata ukizipinda vipi. Clément alitoboa ubavu kwa sindano, tundu moja kwa kila dirisha, akapenyeza uzi kutoka ndani na kuuacha mkia wake nje, mpaka chombo kikafanana na nungunungu aliyeogopa. Kisha akapaka rangi. Kisha tu, rangi ikishakauka, akakata mikia yote kwa wembe, sawasawa na ngozi. Ukikata kabla ya kupaka, umeyapofusha madirisha kwa mkono wako.

Mwanga wa tochi za Kichina ni mweupe na wa baridi, kama wa chumba cha maiti. Akavipaka vitaa verni ya kucha ya rangi ya chungwa, ukawa mwanga wa nyumba ambayo watu wanakula bukari, ugali wetu, jioni. Verni ilikuwa ya binti yake, Abigaïl.

Abigaïl alikuwa kitinda mimba, na wakati huo vidole vyake vilikuwa vyembamba kuliko kibano. Yeye ndiye aliyepenyeza nyuzi pale mkono wa baba ulipogoma. Yeye ndiye aliyeamua madirisha gani yabaki giza.

"Papa, haba balishalala," alisema akiyaziba. "Madirisha yote yakiwaka, hiyo haiko nyumba ya bantu. Hiyo ni hoteli."

Clément alitii, maana ilikuwa kweli. Nyuma ya madirisha makubwa walibandika abiria: punje za mchele, kila moja imechorwa kichwa na mabega. Na karibu na pua kulikuwa na dirisha moja ambalo Abigaïl alilipaka verni nyekundu, akachagua punje iliyo nzuri kuliko zote, akaitia humo mwenyewe. "Humu ni mwangu," alisema. "Mutu asiingie bila kupiga hodi."

Halafu akakua. Akajua aibu ni nini, na aibu yenyewe ilikuwa inakaa chumba cha uani, na gundi vidoleni.

Uvumi ulianza siku umeme ulipokatika avenyu nzima, na jirani aliyekuwa akitafuta mbuzi wake akachungulia kwenye ufa wa mlango wa Clément. Alichokiona ni giza, na ndani ya giza madirisha madogo yanayowaka, na ndani ya madirisha watu. Mbuzi alimsahau. Jumapili iliyofuata Pasta Gauthier, ambaye kanisa lake liko nyumba ya tatu kutoka kwa Clément na vipaza sauti vyake viko ndani ya kichwa cha Clément, alihubiri juu ya watu wenye viwanja vya ndege uani mwao. Hakutaja jina. Alinyoosha kidole tu.

Clément alicheka. Alicheka mpaka Abigaïl alipopata mchumba.

Kijana aliitwa Ngosa, mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Pweto, mpole, mwenye harufu ya kazi yake. Ukoo wao ni wa wenyeji wa tangu zamani, upande wa barabara ya Kasenga. Abigaïl alimpenda mpaka akazoea harufu. Mambo yalikuwa yamefika kwenye mahari, ndipo baba mkubwa wa Ngosa, Mzee Chishimba, msemaji wa ukoo, alipotuma neno: wamesikia kuna kitu uani. Hawasemi ni kitu gani. Wataomba wakione kwa macho kabla mtoto wao hajatia mguu katika nyumba hiyo. Wakikiona kibaya, mambo yaishe, na watu waagane kwa amani.

Abigaïl hakula siku hiyo. Simone alimfuata mumewe uani.

"Clément. Utaileta mu jua, utaiweka pa meza, baione, bacheke, baende. Hautaiwasha."

"Sitaiwasha."

"Apa."

"Simone, mi nakuambia, sitaiwasha."

"Ukiita jina yangu namna hiyo, mi najuaka ni nini inafuata," akasema Simone. "Mutoto ataolewa, Clément. Usimufungie njia juu ya vifuniko ya kalamu ya Bic."

Walikuja Jumapili baada ya misa: Mzee Chishimba na kofia yake, shangazi wa Ngosa aitwaye Mama Mwenya na chupa ya maji yaliyoombewa, na Ngosa mwenyewe aliyetazama viatu vyake. Clément akatoa chombo, akakiweka mezani, jua la saa nane likikipiga utosini.

Sasa, hakuna kitu kinachodhalilika juani kama kazi iliyotengenezewa giza. Madirisha, yakizimwa, ni vinukta. Masizi ni uchafu. Mzee Chishimba alikizunguka kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha akakigusa kwa ncha ya fimbo. Akainama. Akaanza kutikisika mabega.

"Mwenya! Kuya uone. Hii ni rasuari! Rasuari ya kunyolea! Bachawi bananyoa ndevu mu njia!"

"Na hii ni kifuniko ya parfum," akasema Mama Mwenya, akiweka chini chupa yake ya maombi. "Eh! Na hii ni kifuniko ya Bic. Papa Clément, mi nilifunga kula tangu juzi juu ya uchafu ya poubelle?"

Kicheko kikaenea ua mzima. Kilikuwa kicheko cha watu walioponea chupuchupu, nacho hakina breki. Simone alicheka na machozi. Ngosa aliacha viatu vyake, akacheka.

"Lakini shemeki," akasema Mzee Chishimba akijifuta macho, "Bakasai benzako banajenga manyumba ya ma-etaji. Beko na ma-boutique. Wewe, na hizi mvi, unajenga nini? Mutego ya panya?"

"Mumuache tu," akasema Abigaïl. Alicheka kuliko wote, mkono kifuani, kama mtu aliyetolewa kisimani. "Papa iko tu hivi. Ni takataka tu, baba mukubwa. Hata mi namuambiaka kila siku atupe."

Basi. Mahali hapo mtu mwenye akili angecheka na wenzake, angefungua bia, na binti angeolewa na mtu anayempenda. Mtu mwenye akili hata hakuhitajika. Angetosha mtu aliyechoka. Lakini Clément alikuwa ametazama mdomo wa Abigaïl ukisema takataka. Watu walimwita mchawi akanyamaza, na hilo aliweza kulibeba, maana mchawi angalau ni mtu anayejua kazi.

Akakibeba chombo kwa mikono miwili.

"Kuyeni mu salon."

"Clément," akasema Simone.

"Dakika moja tu."

"Clément!"

Walimfuata sebuleni, bado wakicheka, wakidhani kuna soda. Akafunga mlango, akashusha mapazia, akatundika blanketi juu ya mapazia. Giza likaingia, na papo hapo simu zote zikawaka tochi, maana watu wa mji huu wamelelewa na umeme unaokatika: gizani mkono wao huenda kwenye simu kabla roho haijaenda kwa Mungu.

"Muzimishe," akasema Clément.

Wakazima, isipokuwa Mama Mwenya. "Yangu haizimaki. Na mi siwezi kukaa mu giza na banaume." Ngosa akamzimia.

Clément akabonyeza.

Kwanza iliwaka pua, kidogo, kama mtu anayefungua jicho moja. Kisha safu ya chini, kisha ya katikati, dirisha kwa dirisha, mengine giza kwa sababu humo watu wamelala. Nyuma mitambo ikaanza kupumua rangi ya makaa yanayopulizwa. Meza haikuwepo tena. Nyembe hazikuwepo, wala bomba la maji. Kulikuwa na kitu kikubwa mno, kiko mbali mno, kinapita mbele yao bila sauti na watu wake ndani, na mbele kabisa dirisha moja jekundu.

Hakuna aliyecheka. Clément aliusikia ule ukimya na, masikini, akadhani ni sifa. Maisha yake yote alikuwa anaungojea. Akaumeza polepole.

"Mule mu madirisha," ikasema sauti ya Mzee Chishimba, nyembamba ghafla, "kuko bantu."

"Ni muchele, mukubwa. Punje za muchele."

"Beko wangapi?"

"Oh, sikuhesabuka."

Mtu akajikwaa kwenye kiti.

"Na huyu wa mu nyekundu?"

"Huyu?" Clément alitabasamu gizani, ilisikika kwenye sauti. "Huyu ni Abigaïl. Alijitiaka humo yeye mwenyewe, angali mutoto mudogo."

Mama Mwenya alianza kwa sauti ya chini, "Lesa wandi, Lesa wandi," akimwita Mungu wake kwa Kibemba, na alipofika mara ya nne alikuwa anapiga kelele. Blanketi likang'olewa. Jua likarudi, na chombo kikarudi kuwa nyembe, lakini hakuna aliyekuwa na macho ya kuona nyembe tena. Ngosa alikuwa mlangoni, kijasho juu ya mdomo.

Clément akakifungua chombo tumbo, haraka, akavuta nyuzi nje. "Muangalie! Ni nyuzi za telefone. Zile banachimbiaka mu barabara. Hii ni betri. Hii ni verni ya kucha!"

"Ni nyuzi za telefone," akaitika Mzee Chishimba, kwa sauti ya mtu anayekubaliana na askari mlevi mwenye bunduki. "Tumeona, papa. Ni verni."

"Abigaïl, baambie! Wewe ndio ulizitia."

Abigaïl alitazama lile dirisha jekundu. Akarudi nyuma hatua moja. Akasogea mlangoni, kwa Ngosa.

Mzee Chishimba akavua kofia. "Papa," akasema, na tangu siku hiyo hakumwita shemeki tena, "sisi hatukukuya kutafuta maneno. Mutoto ataolewa. Yote utasema, ndio tutafanya. Utuache tu na amani yetu." Wakatoka kinyumenyume, uso kwa mwenye nyumba, Mama Mwenya akikanyaga sufuria za Simone njia nzima.

Kwa hiyo ndoa ilifungwa. Simone aliogopa bure: ukoo wa Ngosa ungeweza kumkataa binti wa mwehu, lakini ni nani anathubutu kumkataa binti wa rubani? Walileta mbuzi ambao hakuna aliyewaomba. Kwenye karamu Clément alipewa kiti cha mbele na paja la kuku, na viti vya kulia na kushoto vikabaki vitupu. Majirani wakaanza kumwamkia kwa mikono miwili. Hata mbuzi wao walikoma kula sombe ya Simone, majani ya muhogo, shambani, ambalo, ukiniuliza, ndilo jambo pekee la ajabu katika habari hii.

Kisha wakaanza kuja wateja. Mchimbaji mmoja kutoka upande wa Kinsevere alitaka aonyeshwe, kutoka juu, mahali shaba ilipolala. Na jioni moja, akiingilia mlango wa nyuma, alikuja Pasta Gauthier.

"Papa Clément, Mungu iko na njia mingi," alisema akiangalia nyuma yake. "Ile kanisa ya ng'ambo ya barabara inaniibia bakristo. Mi siombi kintu mubaya. Upite tu yulu yake. Mara moja."

"Pasta, ile kintu hairukake. Ni bomba ya maji. Ndani ni nyuzi."

Pasta akamfinyia jicho. "Nimesikia, papa. Nyuzi."

Kila alipoeleza, walimheshimu zaidi. Alichora michoro, wakaikunja wakaiweka mifukoni kama hirizi. Maisha yake yote alitaka watu wakae mbele ya kazi yake wakanyamaza, na sasa walinyamaza, wote, hata sokoni, hata foleni ya mkate ikampisha.

Siku ya Abigaïl kuhamia Pweto, lori la samaki la Ngosa lilisimama mbele ya nyumba likirudi tupu kaskazini. Vyombo vilipakiwa. Mama alilia kama inavyopasa. Abigaïl alimvuta baba yake kando, nyuma ya ukuta.

"Papa. Kule Pweto, utakuyaka kutuona?"

"Nitakuya. Mutoto akizaliwa nitakuya."

"Ukuye muchana. Na gari, kama bantu." Alishusha sauti. "Usikuye na ile."

Clément alimtazama. "Abi. Wewe ulishikaka hizi nyuzi na mikono yako. Verni ilikuwa yako. Dirisha ulipakaka wewe."

"Najua, papa. Ndio inaniogopesha. Nilikuwa mutoto, sikujua natia mukono mu nini." Kope zake zilikuwa zimelowa. "Unitoe mule. Nakuomba. Siku zote nitakuheshimu, lakini unitoe."

Dereva akapiga honi.

Clément alirudi chumba cha uani, akaacha mlango wazi. Ubavu wa mbele alikuwa ameufunga kwa gundi zamani, ili usifunguliwe milele; ilibidi auvunje kwa bisibisi. Dirisha jekundu lilipasuka kwa sauti ndogo, kama ukucha. Akaingiza kibano, akaitoa punje. Ilikuwa bado na kichwa chake, na nukta mbili alizochora mtoto wa miaka saba kuwa macho.

Akampigia Abigaïl simu, lori likiwa njiani, bado halijafika Kasomeno.

"Nimekutoa," akasema.

"Aksanti, papa," akasema Abigaïl. Alilia kwa furaha, jinsi ambavyo hakuwahi kulia naye tangu utotoni. "Aksanti, aksanti sana, papa."

Na hapo, kwa neno moja, mbele ya shahidi aliyempenda kuliko wote, Clément Tshilumba alikuwa amekiri.

Akaketi kizingitini, punje kiganjani, hajui pa kuiweka. Kuitupa haiwezekani. Kuirudisha haiwezekani. Kuku wa Simone akapita, akainua shingo, akaona mchele, akadonoa.

Clément alicheka. Alicheka peke yake, kwa sauti, na jirani aliyesikia alifunga dirisha. Hebu fikiria: mchele! Kilikuwa kitu cha kwanza cha kuchekesha tangu ile Jumapili. Kisha kicheko kikakatika. Akamtazama kuku, aliyekuwa anafuta mdomo mavumbini. Akaichukua simu, akampigia Abigaïl.

Iliita. Iliita tena, mpaka ikakata. Ni ule mlima wa njiani, akajiambia, kule hakuna mtandao, kila mtu anajua kule hakuna mtandao, ingawa simu isiyo na mtandao haiiti.

"Simone," akaita, na sauti yake haikuwa ya fundi wa fotokopi. "Simone, huyu kuku asichinjwe."